Siri ya Mtungi Muulize Kata

Nawaamkia nyote, mlioko Likoni mkingojea feri na mlioko Lunga Lunga mpakani, wa Kinango kule bara na wa Shimoni kule baharini, na wewe hapo Ukunda uliyeegesha tuktuk kivulini, redio ikikuliwaza mpaka abiria atokee.

Leo nataka tuzungumze tamthilia. Zile za jioni, ambazo zikianza hata maji ya kuoga yanangoja. Tena nataka aina moja tu: tamthilia za nyumba ya tajiri. Mnazijua. Lango linafunguka lenyewe, gari jeusi linaingia polepole, na ndani kuna ngazi. Lazima kuwe na ngazi! Juu ya ngazi anatokea mama mwenye nyumba, dhahabu shingoni, glasi ya juisi mkononi, na sisi sote sebuleni tunajua kwamba kabla ya matangazo mtu atapigwa kofi.

Kwa nini tunazipenda hivyo? Hilo ni swali la kwanza, nalo nitalipita upesi. La pili ndilo litakalotukalisha. Tuseme yupo kijana wetu, msanii wa kujitegemea, hana kituo kikubwa nyuma yake wala mfadhili, ana kamera moja na marafiki sita. Anataka kutunga tamthilia ya familia tajiri na matatizo yake yaliyofichwa, na anataka kuitunga hapa hapa Kwale, baina ya Diani na Msambweni. Aanzie wapi?

Jibu langu nalitoa mapema, maana redio haina subira: aanzie jikoni, amalizie kwenye mirathi. Shika hayo mawili, jikoni na mirathi, nami nitaeleza.

Haya, la kwanza. Tunazipenda kwa sababu nyumba ya tajiri imezungushiwa ukuta, na binadamu akiona ukuta hutaka kuchungulia. Nani hakumbuki enzi za tamthilia za Meksiko zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na hasa Cuando Seas Mía, ile ya familia yenye mashamba ya kahawa? Watu hawakujua Meksiko iko upande gani, lakini Paloma na Diego waliwajua kama watoto wa shangazi. Kisha tukaanza kuzitunga za kwetu. Mwaka 2018 akaja Selina kwenye Maisha Magic East, msichana wa kijijini anayeingia kufanya kazi katika nyumba ya akina Mackenzie na kupendana na mtoto wa nyumba. Mwaka 2019 akaja Maria kwenye Citizen, na nyumba ya akina Hausa ikawa gumzo la nchi nzima. Na Maria, tusisahau, ni kazi ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mke na mume ambao mnawajua pia kwa kusoma habari. Kisha Kina, na humo Sanaipei Tande akiwa Nana Tandala, mama tajiri ambaye ukimtazama unatamani uwe naye upande mmoja kwa usalama wako.

Sasa angalieni kitu kimoja. Selina aliingia nyumba ile kwa mlango gani? Kwa mlango wa jikoni. Msichana maskini katika hadithi hizi huingia kwa mlango huo. Lakini akishapendwa na mtoto wa tajiri, jikoni pale pale panasahauliwa, hadithi inahamia sebuleni, na kuanzia hapo ni kofi, sumu, ajali ya gari na mtu aliyedhaniwa amekufa anarudi na ndevu. Hapo ndipo mimi huzima televisheni. Sumu ni jambo jepesi kulitunga. Mwandishi akikwama anamwaga sumu kwenye juisi.

Wahenga wetu walisema siri ya mtungi muulize kata. Watanzania wakaichukua methali hiyo wakaipa jina tamthilia yao ya Bagamoyo, Siri ya Mtungi, nayo ilipendwa. Lakini kata yenyewe, yaani yule anayechovya humo kila siku, ni nani katika nyumba ya tajiri ya Diani? Ni mpishi. Ni yaya, dereva, dobi, mtu wa bustani, askari wa langoni. Wanatoka Mvindeni, wanatoka Bongwe, wanatoka Kinondo. Wanajua mzee anakunywa dawa gani usiku. Wanajua mama analala chumba kipi. Wanajua barua ya benki ilikuja lini na ikatupwa wapi, kwa sababu wao ndio wanaomwaga taka.

Niwape mfano wa mbali kidogo. Mwaka 1998 huko Denmark palitoka filamu inayoitwa Festen, yaani karamu. Aliyeiongoza ni Thomas Vinterberg, na yeye na wenzake walikuwa wamejiwekea kiapo cha kutengeneza filamu bila mapambo, kamera mkononi, bila taa za ziada, bila muziki wa kubandikwa. Hadithi yenyewe ni nyumba moja na siku moja. Baba tajiri anatimiza miaka sitini, jamaa wote wamealikwa, na mwanawe mkubwa anasimama kutoa hotuba ya kumsifu. Badala ya sifa anatoboa mbele ya wageni uovu ambao baba yao aliwatendea yeye na dada yake walipokuwa wadogo. Sitasema zaidi, saa hii watoto wanasikiliza. Wageni wanafanya nini? Wanaendelea kula! Ndivyo watu wakubwa walivyo, aibu ikiingia wao huomba chumvi.

Lakini nisikilizeni hapa. Mpishi wa nyumba ile alikua pamoja na yule kijana, na anajua. Yeye na wasichana wa kazi wanaingia vyumbani, wanachukua funguo za magari ya wageni na kuzificha, mtu yeyote asiweze kuondoka kabla ya kusikia. Hadithi nzima inasimama kwa sababu jikoni wameamua. Filamu ile haikugharimu pesa nyingi na ilipata tuzo ya majaji pale Cannes. Ngazi walikuwa nayo, nakubali, lakini si ngazi iliyowapa tuzo.

Sasa turudi nyumbani. Mtu ataniambia, bwana, hayo ni ya Wazungu, sisi Kwale tuna familia gani ya kitajiri yenye hadithi? Ati tuna familia gani! Ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni, kabla hujafika mjini, kuna njia inakata kushoto kwenda Gazi. Siku hizi wageni wanakwenda Gazi kutazama mikoko, na wanafanya vizuri. Lakini pale pana nyumba kongwe ambayo wenyeji huiita nyumba ya Sheikh Mbaruk, na nyumba ile imewahi kuwa shule. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Watoto wamejifunza kusoma na kuhesabu ndani ya tamthilia kubwa kuliko yoyote tuliyoonyeshwa na televisheni.

Sikilizeni. Mazrui, ukoo wa Mbaruk, waliitawala Mombasa karibu miaka mia moja. Mwaka 1837 Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, akawashinda, akawakamata wakubwa wao, akawasafirisha ng'ambo wasirudi tena. Miongoni mwao alikuwemo baba yake Mbaruk. Waliosalia wakagawanyika, wengine wakaenda kaskazini Takaungu, wengine wakaja kusini hapa Gazi. Familia moja, nyumba mbili, na katikati yake jeraha ambalo kila upande unalikumbuka kivyake. Mbaruk alikulia katika hali hiyo. Akawa bwana wa Gazi, na kwa miaka mingi akapigana na masultani wa Unguja, akishindwa anakimbilia ngome yake ya Mwele ndani ya misitu nyuma ya Shimba, wakichoka anarudi.

Kisha ikafika Februari 1895. Kule Takaungu akafa Salim bin Khamis, mkubwa wa tawi lile. Nani amrithi? Walikuwepo wawili. Yupo Rashid, mwanawe. Na yupo Mbaruk mwingine, huyu ni Mbaruk wa Takaungu, mtoto wa ndugu, lakini ndiye mkubwa kwa umri, na desturi ya ukoo ilikuwa mkubwa ndiye anayeshika. Mtoto au mkubwa? Hapo hapo ungedhani wazee wangeketi, kahawa ikapita, likamalizwa. Lakini palikuwa na mgeni sebuleni. Kampuni ya Imperial British East Africa ndiyo iliyokuwa inaitawala pwani wakati huo, na kampuni ikamtaka Rashid, kwa kuwa walielewana naye. Ugomvi wa mirathi ukageuka vita. Walioshindwa kaskazini wakakimbilia kusini kwa jamaa yao, Mbaruk wa Gazi. Akaambiwa awatoe. Hakuwatoa.

Hebu simameni hapo kidogo. Mzee huyu alikuwa amepatana na Waingereza, alikuwa na heshima yake na utulivu wake, umri umekwenda. Tuseme usiku mmoja jamaa zake wa upande ule mwingine, wa nyumba ile ambayo miaka yote haikuelewana na yake, wanabisha mlango. Akifungua, anapoteza kila kitu. Asipofungua, anabaki nani mbele ya ukoo wake? Nani kati yetu amewahi kuiona tamthilia yenye tendo zito kuliko kufungua mlango huo?

Alifungua. Tarehe 1 Julai 1895 kampuni ikaondoka na serikali ya Uingereza ikashika pwani, ikavirithi na vita vyenyewe. Mwezi wa Agosti Mwele ikaanguka. Aprili 1896 Sheikh Mbaruk akavuka mpaka na watu wake akaingia upande wa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910. Gazi hakurudi.

Vita hivyo vimeandikwa na watu wengi, na mara nyingi vimeandikwa kama mambo ya Waingereza na Waarabu. Mimi naviona ni mambo ya mirathi. Mtu amekufa, hapakuwa na makubaliano juu ya nani mrithi, na mtu wa nje akatia mkono kwenye mizani.

Na je, jikoni? Nilisema jikoni na mirathi. Katika nyumba za wakubwa wa wakati ule, jikoni na shambani walikuwamo watumwa. Mashamba ya pwani hii yalilimwa na mikono yao, na utumwa haukuondolewa kisheria hapa mpaka mwaka 1907. Basi kata ya mtungi ule ilikuwa mtumwa, na walioandika habari za Gazi hawakumuuliza. Alisikia nini mlangoni usiku ule, yule aliyeshika taa? Kijana wetu wa kamera moja, hiyo nakupa bure.

Tuache ya kale, tuje ya leo. Nitatunga mfano, na ni mfano wangu mwenyewe, asije mtu akapiga simu studioni kwamba nimemtaja jirani yake. Yupo mzee tajiri. Ana nyumba za kupangisha wageni pale Galu, ana kituo cha mafuta Ukunda, ana minazi Msambweni. Mke wake yuko Diani, na watoto watatu, mkubwa yuko Dubai. Mzee anafariki Jumatano, anazikwa siku hiyo hiyo kama ada. Siku ya khitma, wali uko motoni, anaingia mama mmoja kutoka Shimba Hills, amejisitiri, ana watoto wawili, na yule mdogo ana uso wa marehemu mtupu. Hasemi neno. Anaketi na wanawake wenzake. Na mpishi, wasikilizaji, mpishi anampelekea maji bila kumuuliza jina. Maana anamjua.

Hakuna sumu hapo wala kofi. Lakini hesabu ya nyumba ile imebadilika, tena kwa namna ambayo kila Mwislamu anayenisikiliza anaweza kuifanya kwa vidole. Kabla ya kugawa chochote hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo, na wasia hauvuki thuluthi. Kinachobaki ndicho mirathi. Mke, ikiwa marehemu ana watoto, fungu lake ni thumuni. Sasa wake wakiwa wawili, je, kila mmoja anapata thumuni yake? Hapana. Wanagawana ile ile moja. Tuseme kimebaki kitu cha shilingi milioni 80. Thumuni yake ni milioni 10. Yule mama wa Diani aliamka asubuhi na milioni 10, na kabla sahani hazijaoshwa ana milioni 5. Na watoto wa marehemu walikuwa watatu, sasa ni watano, kila mvulana na fungu mara mbili ya msichana, na mafungu yote yamepungua.

Hapo ni ikiwa kimebaki kitu. Nilisema madeni yanatangulia, na hiyo ndiyo siri kubwa ya matajiri wengi wa ufuo huu. Mwenye umri wangu anakumbuka Agosti 1997, ghasia za Likoni, na namna hoteli za kusini zilivyokauka. Anakumbuka miaka ya maonyo ya usafiri. Anakumbuka 2020, Korona, ufuo mzima wamebaki mbega na kaa. Mgeni akikosekana msimu mmoja, mwenye nyumba hukopa kulipia mkopo wa zamani. Lango lapakwa rangi mpya, ndani hakuna kitu. Wa kwanza kujua ni nani? Mpishi, kwa sababu ndiye anayeambiwa wiki hii tununue dagaa badala ya changu, na mshahara tutaonana mwezi ujao.

Bado hatujamaliza, maana hatujafika Msambweni kwenye minazi. Wadigo wanaonisikiliza wameshaanza kucheka, wanajua ninakokwenda. Zamani kwa Wadigo mali ilifuata upande wa mama. Mjomba akifa, mrithi ni mpwa, mtoto wa dada yake, wa fuko lake, na mwanawe wa kumzaa akatafute kwa wajomba zake mwenyewe. Uislamu uliposhika mizizi, mtoto akawa mrithi wa baba. Lakini desturi haifi siku moja. Kwa miaka na miaka baraza na mahakama za hapa zilisikiliza kesi za mtoto na mpwa, kila mmoja ameshika sheria yake na kila mmoja anaona ana haki. Kina baba wengine wakawa wajanja, wanawapa watoto wao zawadi wangali hai, ili mpwa asikute kitu. Na kuna lingine ambalo wageni hulishangaa: katika pwani hii mnazi unaweza kuwa wa mtu na ardhi ulipoota ikawa ya mwingine.

Kwa hiyo pale khitmani, pembeni ya jamvi, ameketi mzee mwembamba, mpwa wa marehemu. Anasema kwa upole kabisa kwamba minazi ile ya Msambweni haikuwa ya marehemu peke yake, ilitoka kwa mjomba wao. Hati je? Hati haina jina la mjomba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ona sasa, katika chumba kimoja kuna mila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna hati ya serikali. Kadhi ana mamlaka yake, yamo kwenye Katiba, ikiwa wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Asiyekubali anakwenda Mahakama Kuu. Na kama wale watoto wa Shimba Hills wamezaliwa bila ndoa? Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika kesi iliyoanzia hapa hapa Pwani, kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo peke yake. Wanazuoni wengi hawakuridhika na walisema hivyo hadharani. Mimi si mufti, siingii humo. Nasema tu kwamba mwandishi wa tamthilia aliyeletewa jambo zito namna hiyo, naye bado anamwaga sumu kwenye juisi, ana uvivu.

Kabla muda haujanitupa mkono nigusie ardhi. Mwaka 2022 Netflix ilionyesha Country Queen, mfululizo wa kwanza wa Kenya kwenye jukwaa lile, uliotengenezwa na watu wa kujitegemea waliohangaika nao kwa muda mrefu. Humo Melissa Kiplagat ni Akisa, anarudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi ya watu. Mwenye kampuni ni Vivienne, Nini Wacera huyo, na nyumbani kwake mambo yameoza, mume wake ndiye mpenzi wa Akisa. Nilichokipenda ni kwamba utajiri wa nyumba ile umeonyeshwa unakotoka. Nilichokosa ni kijiji chenyewe, kimekuwa kama kijiji chochote. Sisi hadithi ile ya madini tumeiishi. Watu wa Nguluku na Maumba walihamishwa, wengine wakapelekwa Bwiti, titani ikaanza kusafirishwa kupitia Likoni mwaka 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukafungwa. Kabla ya hapo tulikuwa na Ramisi, kiwanda cha sukari kilichofungwa 1988 na kuacha watu na miwa yao.

Na viwanja vya ufuoni? Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, na ufuo wetu umo. Hivyo ukiandika nyumba ya tajiri ya Diani, swali la kumuuliza mhusika wako lisiwe tu anampenda nani. Muulize kiwanja alikipata vipi. Kisha muulize askari wa langoni babu yake alikuwa anagema tembo wapi. Usishangae majibu yakikutana chini ya mbuyu ule ule, ndani ya ukuta.

Najua kuna mama yangu mmoja ananung'unika huko, anasema mwanangu, haya yote ni kuumbuana, na sisi tumefundishwa sitara. Mama, nimekusikia, na hoja yako ni kubwa kuliko zangu zote. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na si kila ila ni ya kuanikwa. Ghiba ni ghiba hata ikipigwa picha nzuri. Ndiyo sababu nataka tamthilia, sitaki umbea. Umbea unahitaji jina la mtu, bila jina hauna ladha. Tamthilia inampa mtu jina la kubuni, na kila nyumba inajitazama yenyewe bila kunyooshewa kidole. Yule mama wa Diani na yule wa Shimba Hills wakiketi mbele ya televisheni, kila mmoja kwake, kila mmoja atalia kwa siri yake, na sitara itabaki. Ila mwandishi awe na adabu. Yule mpishi aliyemsimulia mambo asiachishwe kazi kwa sababu yake.

Sasa yale ya kazi, kijana wangu, andika. Nyumba za kifahari za Diani huwa tupu masika, Aprili mpaka Juni, na mwenye nyumba msimu huo husikiliza bei. Lakini upepo wa kusi utakuharibia sauti, kwa hiyo mandhari ya ufuoni usiyaweke mengi, baki ndani. Siku moja, nyumba moja, khitma moja. Jikoni waongee Kidigo, mezani Kiswahili, na yule wa Dubai aongee Kiingereza na wakili kwenye simu, tuone wenyewe nani anamficha nani. Waigizaji usiwatafute mbali. Wapo vijana wanaocheza ngoma na sarakasi hotelini kila usiku mbele ya wageni, wanatabasamu hata siku wamefiwa. Hao wanajua kuigiza kuliko mimi na wewe.

Saa yangu ya ukutani inaniambia nimebakiwa na dakika moja. Mwenye kuliandika onyesho lile la jikoni, asubuhi ya khitma, kabla yule mama hajaingia, alilete hapa studioni hata likiwa kurasa tatu kwa kalamu ya risasi. Tutalisoma hewani. Sehemu ya mzee wa minazi naichukua mimi, msiigombee. Ya mpishi bado iko wazi, na ningependa apewe mtu aliyewahi kupika kweli. Taarifa ya habari inafuata. Kwaherini.